Jibu: Sauti inaachana na picha kwenye video ya ngoma, Bagamoyo

Ndugu yangu, umesema video uliyopiga kwa simu inaanza vizuri, lakini kufika dakika ya 20 mkono wa mpigaji unagusa ngozi ya ngoma na mlio unakuja baadaye. Tafadhali usianze kukatakata sauti, utachoka bure.

Pengo lingekuwa lilelile mwanzo hadi mwisho, ungesogeza sauti tu ukamaliza. Lako linakua, kwa hiyo shida ni kasi ya fremu, yaani idadi ya picha moja moja zinazounda video kila sekunde. Simu nyingi hazirekodi kwa mwendo mmoja: jua likizama, fremu 30 kwa sekunde zinaweza kushuka hadi 24, kisha zikapanda tena. Programu ya kuhariri ikizihesabu zote kama 30, picha inatangulia sauti.

Pakua HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, ni ya bure. Fungua faili, nenda sehemu ya video, weka fremu 30 na uchague kasi isiyobadilika. Ubora weka RF 18 hivi (RF ni kipimo cha ubora, namba ikiwa ndogo picha ni bora zaidi), faili litakuwa kubwa lakini picha haitachakaa. Sauti, kwenye kiwango cha sampuli (sample rate), iwe 48 kHz. Hariri hilo jipya, la asili lihifadhi. Ukaguzi fanya mwishoni mwa video, maana mwanzoni kila kitu huonekana sawa.

Kama sauti ulirekodi kwa kinasa cha pembeni, linganisha pigo la kwanza na la mwisho, kisha urefushe au ufupishe sauti kidogo bila kubadilisha uzito au wembamba wa mlio (pitch). Ngoma inakusaidia sana hapo, kila pigo linaonekana wazi kwenye mchoro wa mawimbi ya sauti.

Ukikwama, weka hapa taarifa za faili tuziangalie.