Fungate ya Ulaya na laki nne mkononi

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi na mke wangu tumeoana juzi tu baada ya Idi. Harusi alhamdulilahi haikutuachia madeni na kwa zawadi za watu tumebakiwa na kama laki nne hivi. Sasa mke wangu ataka Ulaya, ashaandika listi kabisa, Paris, Roma, Venice, Amsterdam, Barcelona na London, zote siku kumi. Mamangu naye asema tununue ploti. Inawezekana ama twaota?
Bwana harusi, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu na hongereni. Ya ploti siingilii, hayo malizana na mamako. Safari yawezekana ila si kwa hiyo listi, miji sita siku kumi si fungate hiyo, hiyo ni kazi ya utingo, mabegi juu mabegi chini kutwa. Na pesa yenyewe huishia hapo njiani.

Anza na viza. Nchi 29 za Ulaya zatumia viza moja, yaitwa Schengen, tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa mtu mzima, so nyinyi wawili 180, na wakiwanyima hawarudishi. Mwaomba kwa ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, si ile watu wanawaambia eti ni rahisi. Bima ya safari iwe ya kugharamia matibabu ya angalau yuro 30,000 (si bei mtakayolipa nyinyi hiyo), na maombi yafunguliwa miezi sita kabla ya safari mpaka siku 15 kabla, lakini msingoje hizo 15 jamani. Kuna jambo watu hawalifikirii: laki nne zikitokea benki ghafla wiki moja baada ya harusi wataulizia zimetoka wapi, kwa hivo andikeni barua mueleze ni zawadi na muambatanishe cheti cha ndoa. Tiketi wekeni oda tu, msilipe mpaka viza itoke. Na mkeo asikimbilie kubadilisha jina kwa pasipoti sahizi, jina la tiketi na la pasipoti lazima yawe mamoja.

Ningekuwa mimi ningechukua Uhispania peke yake. Mwatua Madrid, makumbusho ya Prado ni bure masaa mawili ya mwisho jioni, halafu mwashuka Córdoba kuona ule msikiti ulioanza kujengwa mwaka 785 (sasa ni kanisa, kuswali ndani hawaruhusu, msije mkagombana na walinzi), mwamalizia Granada. Tiketi za Alhambra, lile kasri la kale la huko, huisha mapema sana, nunueni mtandaoni mkipata viza tu, na mwende na pasipoti kwa sababu tiketi yaandikwa jina. Raha ya Granada ni kwamba ukiagiza kinywaji, hata soda, mara nyingi waletewa na sahani ndogo ya chakula bila kulipa, ila ulizeni kwanza manake nguruwe wanampenda sana wale watu. Mabasi ni rahisi, Madrid mpaka Granada ni kama masaa matano. Tafuteni chumba chenye jiko mpike wenyewe usiku.

Julai na Agosti msiende, bei ziko juu na joto la kusini kule lafika 40, tena kavu, si hili letu la pwani. Novemba ni sawa, lakini Granada iko chini ya milima ya theluji, piteni Kongowea kwa mitumba mchukue makoti mazito.

SWALI: Shangazi, mume wangu asema viza ya Ulaya ni moja tu, tukifika Paris twapanda treni mpaka London. Kweli?
Mama Likoni

JIBU: Treni iko, viza ndo hamna. Uingereza haimo kwenye Schengen, Ireland pia haimo, kila mmoja ana viza yake na pasipoti zakaguliwa pale pale Paris kabla hamjapanda. Tena angalieni viza yenu imeandikwa kuingia mara ngapi, kama ni mara moja basi mkishatoka kwenda London kurudi Paris hamwezi, hata kama siku zenu hazijaisha.