Umeweka Grisi Mpya, Mbona Gurudumu Limekuwa Zito?

Juzi usiku nilipata ujumbe ulioniondolea usingizi. Msomaji mmoja aliyefuata maelezo yangu ya kufungua habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya gurudumu la mbele la baiskeli, kuisafisha na kuitia grisi, aliniandikia: "Kaka, kabla sijakusikiliza baiskeli yangu ilikuwa inalalamika tu. Sasa haitaki kwenda." Basi. Hakutukana, hakudai chochote. Angetukana ningejua la kumjibu.

Nilimjibu kwa kirefu usiku uleule, na sehemu kubwa ya jibu hilo ndiyo hii hapa, maana naamini wapo wengi waliokwama palepale wakanyamaza.

Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita gurudumu langu la nyuma lilianza kuunguruma, sauti kama ya mtu anayetafuna mchanga. Nikalipeleka kwa fundi. Alilizungusha mara moja tu, hata hakuinama vizuri, akasema, "Hili limekufa, tafuta jingine," akamrudia mteja wake. Nikabaki nimelikumbatia kama mtu aliyepewa msiba usio wake. Sijui kwa nini maneno yale yaliniingia vile. Nilirudi nyumbani nimeapa kumwonyesha.

Nikalifungua. Sikuwa na spana nyembamba za koni (koni ni kile kipande kilichochongoka kinachozungushwa kwenye ekseli ili kuzishikilia gololi), zile bapa zenye unene wa milimita 2 hivi, kwa hiyo nilitumia plaizi na hasira. Nilichomoa ekseli, ule mhimili wa katikati, huku gurudumu limesimama, gololi zikamwagika sakafuni na kukimbilia kila kona. Zilikuwa 18, yaani 9 kila upande, zile kubwa za robo inchi. Nilitambaa kuzitafuta hadi magoti yakachubuka. Ya mwisho niliikuta ndani ya kiatu. (Siku hizi nalaza gurudumu juu ya beseni lenye kitambaa na kuweka sumaku karibu. Akili huja baadaye.) Grisi ya ndani haikuwa grisi tena, ilikuwa tope jeusi lenye vumbi la chuma. Nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, nikakausha, nikapaka grisi mpya, nikazipanga gololi humo zikanasa vizuri. Hadi hapo sikuwa nimekosea. Kosa lilikuja wakati wa kufunga.

Nilikaza. Sikutaka gurudumu liwe na plei, yaani kule kuchezacheza ubavuni, hata chembe, kwa hiyo nilizungusha koni hadi plei ikaisha, halafu nikaongeza kidogo "isije ikalegea". Kisha nikafunga nati ya nje kwa nguvu zangu zote. Gurudumu likawa kimya, nami nikauchukulia ukimya ule kuwa ushindi. Nilipita mbele ya fundi yule makusudi, mara mbili.

Wiki chache baadaye mngurumo ulirudi, mbaya kuliko wa kwanza. Nilipofungua, koni zilikuwa na vishimo kama uso uliotoka ndui, na vikombe vya ndani, zile bakuli ambamo gololi huviringika, navyo vivyo hivyo. Koni hubadilishwa, lakini vikombe katika habu nyingi vimeshindiliwa humohumo na huvipati peke yake. Fundi alisema gurudumu limekufa. Halikuwa limekufa, lilikuwa linaumwa. Mimi ndiye niliyeliua.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi mnapopotea. Gololi kazi yake ni kuviringika ili chuma kisisuguane na chuma. Wazo hilo ni la zamani. Mfaransa Jules Suriray alisajili hataza ya beringi za gololi za baiskeli mwaka 1869. Ukikaza kupita kiasi, gololi inabanwa kati ya koni na kikombe hadi grisi inasukumwa pembeni, na kila mzunguko unachimba. Grisi haikuokoi hapo hata ukimwaga kopo zima. Naulizwa kila mara grisi gani ni bora, na jibu langu huwa linawaudhi watu: yoyote nzuri ya beringi isiyochukuliwa na maji. Mafuta mepesi ya kupuliza usiyaingize mle, yataiosha hiyo grisi uliyoweka. Swali la maana ni umekaza kiasi gani, na hilo hakuna anayeniuliza.

Mtego wenyewe uko hivi. Koni inakaa kwenye nyuzi za ekseli, na nyuzi zina ulegevu wake. Unapofunga nati ya nje dhidi ya koni, nati inaisukuma koni ndani kidogo. Kwa hiyo ukiiweka koni sawasawa kabisa kwanza, ukimaliza kufunga nati itakuwa imeshabana. Anza ikiwa imelegea kidogo. Ishike kwa spana nyembamba isizunguke, funga nati, pima. Imebana? Fungua, rudisha koni kwa upana wa ukucha, funga tena. Siku ya kwanza kufaulu nilirudia mara saba. Hadi leo, na majivuno yangu yote, sijawahi kuipata kwa mara moja.

Na ufungue upande mmoja tu wa ekseli. Upande wa pili acha koni na nati yake zilivyo, ili ekseli irudi ikiwa imetokeza sawa pande zote mbili.

Kupima ni kwa vidole. Zungusha ekseli kwa vidole viwili: ukihisi vijino vijino ilhali umesafisha vizuri na koni ni nzima, umekaza mno. Kisha lirudishe gurudumu kwenye foki, shika rimu, litikise upande huu na huu. Kama gurudumu lako hufungwa kwa nati za spana, hapo usisikie mgongano wowote. Kama hufungwa kwa kile kipini cha kugeuza kwa mkono, kabla ya kulifunga acha plei kidogo sana, kwa sababu kipini kinapobana huiminya ekseli na ile plei humezwa. Hili nililijua nikiwa nimeshaharibu habu ya pili. Sitaki kuizungumzia.

Kipimo ninachokipenda ni cha mwisho. Inua baiskeli, simamisha gurudumu sehemu yake nzito, mara nyingi ile yenye vali, ikiwa ubavuni, uachie. Habu nzuri italiacha lishuke lenyewe, lipite chini, lipande upande wa pili, lirudi, libembee hadi lichoke. Mara ya kwanza kuliona hilo nilimwita kila mtu nyumbani aje atazame. Walitazama, wakaondoka. Mimi nilibaki.

Gurudumu la nyuma lina shughuli ya ziada ya kutoa friwili, ile gia ya nyuma inayoshika mnyororo, na kila friwili ina kifaa chake. Huna kifaa, usiguse. Na kama habu yako ni ya beringi za katriji, zile za duara zilizofunikwa, maneno yote haya hayakuhusu.

Lakini ninyi wa koni na vikombe, acheni kukaza kama mnaofunga geti la ghala! Kijana anasema gurudumu linalegea, anakaza. Linaunguruma, anakaza. Limekuwa zito, anaweka grisi, halafu anakaza. Legeza kwanza. Nguvu za mkono hazikutakiwa hapa, kilichotakiwa ni subira ya kufungua kazi uliyokwisha kuimaliza na kuianza upya.

Hayo yote nilimwandikia msomaji wangu, na niliyaandika kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Nilimwambia amekaza mno, hakuna lingine.

Asubuhi akajibu. Amelegeza, amelegeza tena, bado zito. Akaambatanisha picha mbili. Upande mmoja wa habu gololi 11 zilikuwa zimesongamana hadi moja imepanda juu ya nyingine. Upande wa pili zilikuwepo 9, na pengo. Habu ile huchukua 10 na 10. Nikarudi kusoma maelezo yangu ya zamani aliyoyafuata. Nilikuwa nimeandika: "Hakikisha umerudisha gololi zote 20." Na kweli, alikuwa amezirudisha zote 20.