Maswali ya Wasomaji: Kigoma na Tabora, vijana wanakwenda wapi?

Wahariri, salaam. Hapa Kasulu hatuachi kubishana kuhusu sensa. Kigoma tumebanana, kila nyumba ina watoto, lakini tunaambiwa Tabora imetuacha mbali kwa watu na inaongezeka haraka zaidi. Je, wenzetu wanazaa kutuzidi?
*Msomaji, Kasulu Mjini*

Hapana, tofauti haiko kwenye uzazi. Utafiti wa afya na uzazi wa 2015/16 uliiweka Kigoma na Tabora pamoja katika Kanda ya Magharibi, na kanda hiyo ndiyo iliyoongoza Tanzania Bara kwa wastani wa watoto 6.7 kwa kila mwanamke. Kinachowatenganisha ni watu kuhama.

Tazama takwimu. Sensa ya 2012 ilikuta Kigoma watu 2,127,930 na Tabora 2,291,623, yaani walikuwa wanakaribiana. Sensa ya Agosti 2022 ikakuta Kigoma 2,470,967 na Tabora 3,391,679. Kwa hiyo Tabora iliongeza watu zaidi ya milioni moja katika miaka kumi, Kigoma ikaongeza 343,037. Kwa mwaka, Tabora ilikua kwa asilimia 3.9, Kigoma kwa asilimia 1.5, na taifa zima kwa asilimia 3.2.

Sasa fanya jaribio dogo. Katika miaka hiyo kumi watu wa Tanzania waliongezeka kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120, yaani mara 1.374. Kama Kigoma ingekua kwa mwendo huohuo, 2022 ingekuwa na watu wapatao 2,924,000. Wanakosekana takriban 453,000. Ukiipigia Tabora hesabu hiyohiyo unapata 3,149,000, na wapo zaidi ya hapo kwa takriban 240,000. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini mkoa wenye uzazi mkubwa hauwezi kukua chini ya nusu ya kasi ya taifa bila watu kuondoka.

Kuhusu kubanana mko sahihi. Kigoma ina nchi kavu ya kilomita za mraba 37,000 hivi, ambayo ni watu 67 kwa kilomita moja ya mraba. Tabora ina zaidi ya 76,000, kwa hiyo wako 45 tu. Ardhi ndiyo inayovuta. Manispaa ya Tabora iliongezeka kutoka 226,999 hadi 308,741, sawa na asilimia 36, ambayo ni kama wastani wa nchi. Wilaya ya Kaliua iliruka kutoka 393,358 hadi 678,447, asilimia 72! Walioingia Tabora wengi hawakufuata mji, walifuata shamba na malisho. Kigoma Ujiji, mji wenye bandari na reli, uliongezeka kwa asilimia 8 tu, na kwetu hilo ni jambo la kushtua kuliko yote katika takwimu za mkoa huo.

Jambo moja la kuchunga: kambi za wakimbizi. Sensa inahesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia siku yake. Kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa mwishoni mwa 2012, miezi michache baada ya sensa, na ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ikafungwa 2021. Kambi ikifunguliwa au ikifungwa, takwimu za wilaya zinapanda au zinashuka bila mwenyeji hata mmoja kuhama. Ukilinganisha Kasulu, Kibondo au Kakonko, hilo liwe mezani.

Mwangaluka. Nipo chuo hapa Tabora, nimepewa kazi ya kulinganisha umri wa watu wa mikoa hii miwili na kuonyesha upi una mvuto kwa vijana. Nianzie wapi na nichunge nini?
*Mwanafunzi, Tabora Mjini*

Mwangaluka. Anza kwa kuamua kijana ni nani, kisha usibadilishe. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inasema miaka 15 hadi 35, Umoja wa Mataifa hutumia 15 hadi 24. Majedwali ya sensa huwa na makundi ya miaka mitano mitano, kwa hiyo mwenye 35 anaangukia kundi la 35–39. Tumia 15–34 kwa mikoa yote miwili na uandike hivyo kwenye kazi yako. Wengi huharibikiwa hapa: wanachukua asilimia ya mkoa mmoja kwenye taarifa iliyotumia 15–24 na ya mwingine kwenye iliyotumia 15–35, halafu wanashangaa tofauti kubwa.

Usitumie mwaka mmoja mmoja wa umri. Watu wengi wakiulizwa umri hutaja unaoishia na 0 au 5, kwa hiyo utakuta wenye miaka 30 ni wengi kuliko wenye 29 na 31. Ule si mlipuko wa uzazi, ni makadirio ya wahojiwa. Makundi ya miaka mitano hupunguza kasoro hiyo ingawa hayaimalizi.

Kosa jingine ni kudhani mkoa wenye asilimia ndogo ya vijana una wazee wengi. Kwetu huwa kinyume: vijana ni asilimia ndogo kwa sababu watoto wamejaa. Kitaifa, walio chini ya miaka 15 walikuwa karibu asilimia 43 mwaka 2022. Kwa hiyo pamoja na sehemu ya vijana, toa pia uwiano wa utegemezi: jumlisha walio chini ya 15 na wenye 65 na zaidi, gawanya kwa wenye 15–64, zidisha kwa 100.

Baada ya hapo fanya kazi yenyewe, na hii ndiyo itakayokupa jibu la mvuto. Chukua waliokuwa na miaka 10–14 katika sensa ya 2012 kwenye mkoa. Mwaka 2022 watu haohao wako 20–24. Gawanya idadi ya 2022 kwa ile ya 2012. Fanya hivyo kwa taifa zima pia, maana vifo vitapunguza kidogo kila mahali. Mkoa ukiwa chini ya uwiano wa taifa, vijana wametoka; ukiwa juu, wameingia. Rudia kwa 15–19 waliofika 25–29. Tenganisha wanaume na wanawake: wavulana wakipungua sana na wasichana wakabaki, unaona safari za kutafuta kibarua, wakipungua wote, huenda familia nzima zinahama.

Kasi ya ongezeko itafute hivi: gawanya idadi mpya kwa ya zamani, tafuta logi asilia ya jibu (kitufe cha ln), gawanya kwa miaka 10. Kwa Tabora, 3,391,679 kwa 2,291,623 ni 1.48, logi yake 0.392, basi 3.9 kwa mia. Usigawanye asilimia 48 kwa kumi ukaandika 4.8, maana hiyo inasahau kwamba walioongezeka nao wanazaa.

Hakikisha pia mipaka. Buhigwe, Kakonko, Uvinza na Kaliua ni wilaya zilizoundwa 2012, kwa hiyo Kibondo ya sensa ya 2002 si Kibondo ya leo. Ukirudi nyuma kiasi hicho, linganisha mkoa na mkoa.

Nina miaka 23, nimemaliza kidato cha nne, mtaji wangu ni mdogo. Wenzangu wanakwenda Kaliua kwenye tumbaku, wengine wanashuka ziwani kwenye dagaa. Nifuate lipi?
*Msomaji, Kibondo*

Mdogo wetu, kwanza jiulize unaweza kukaa miezi mingapi bila fedha mkononi. Tumbaku huanza na kitalu Agosti au Septemba, miche inahamishwa mvua zikishika Novemba na Desemba, majani yanachumwa kuanzia ya chini, yanakaushwa kwenye bani (banda la kukaushia) kama wiki nzima moto ukichungwa usiku na mchana, na soko linakuja baada ya masika kuanza kuisha. Pembejeo hutolewa kwa mkopo kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na deni linakatwa kwanza. Mgeni asiyesajiliwa huishia kuwa kibarua wa msimu anayelipwa mwisho, na wengi hudhulumiwa hapo. Makubaliano yaandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji, kiasi na tarehe vikitajwa. Usichume majani yenye umande bila mikono mirefu. Nikotini hupita kwenye ngozi, utatapika na kizunguzungu kitakulaza. Na ukiuziwa shamba na mtu binafsi huko, simama: ardhi ya kijiji hugawiwa na halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu, na vipande vingi vinavyouzwa kwa bei rahisi viko ndani ya hifadhi za misitu.

Dagaa hulipa haraka zaidi, lakini kwa vipindi. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikikomaa vyombo vinapumzika. Malipo ni mgao baada ya kutoa mafuta na chakula, kwa hiyo uliza mgao kabla hujapanda. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa hiyo weka akiba ya angalau miezi mitatu. Kwa mtaji mdogo tungekushauri ukaushaji: dagaa wa kwenye kichanja hawana mchanga na bei yao ni nzuri kuliko wa kuanikwa chini. Epuka kuanza wakati wa mvua, mzigo utaoza mikononi.

Reli mpya ikifika Kigoma, vijana wetu watarudi?
*Mzazi, Ujiji*

Mzee wetu, shikamoo. Mkataba wa kipande cha Tabora–Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Ajira za ujenzi huisha tuta likiisha, na wanaozipata mapema ni wenye ufundi: kuchomelea, kusuka nondo, umeme, kuendesha mitambo. Kijana wako akitaka kuingia, apite VETA kwanza. Watakaobaki ni watakaofanya biashara ya mzigo wa Kongo na Burundi, mawese na chumvi ya Uvinza. Reli ya zamani ilifika Kigoma 1914 na kwa miongo mingi ikawabeba vijana wa Buha, nchi ya Waha, kwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga. Treni hubeba pande zote mbili, kwa hiyo kinachohitaji kusukumwa sasa kwenye vikao vya kata ni maghala, viwanja vya biashara na umeme wa uhakika karibu na stesheni.