Kabla hujanunua mota, kaa chini na karatasi

Juzi msomaji mmoja wa Mafinga kaniandikia: "Kamwene kaka. Nasoma mambo ya kompyuta. Nataka kutengeneza vigari vya kubebea mizigo ghalani, vijiendeshe vyenyewe, viwe kama kumi, visigongane. Nianze kununua nini?" Nimeusoma ujumbe wake mara tatu. Ni swali nililojiuliza mimi miaka miwili iliyopita, na jibu nililojipa limenitia hasara na aibu.

Usinunue kitu, mdogo wangu. Chukua daftari la hesabu lenye miraba, na sarafu nne.

Mwezi Mei tulipeleka vigari vyetu vinane Njombe, kwenye ghala moja la kufungashia parachichi. Tulivitengeneza wenyewe uani kwetu Uyole, mimi na wenzangu wawili: mbao, mota ndogo, betri, sensa mbele ya kuhisi kizuizi, na kompyuta moja ya kuviamuru vyote. Sitasimulia usiku tuliokesha tukichomelea nyaya, kila fundi anaujua. Niseme tu kwamba nilikuwa na kiburi. Nyumbani vilikuwa vikitembea vinne kwa pamoja bila kugusana. Vyote vinane nilikuwa nimevijaribu kwenye skrini tu, vidoti vya rangi vikipishana vizuri hadi nikawa nawaita majirani waje kutazama.

Pale ghalani, dakika ya tatu, kigari namba 2 na namba 5 vikakutana uso kwa uso kwenye ujia kati ya makreti. Sensa zikafanya kazi yake, vyote viwili vikasimama. Vikabaki vinatazamana. Namba 7 ikaja nyuma ya namba 2, ikasimama. Namba 1 nayo ikaja. Muda si muda ikawa foleni ya magari ya Mafiati, Mbeya, saa kumi na mbili jioni. Mwenye ghala akatazama saa yake, akawaita vijana wawili wenye mkokoteni, akawaambia, "Endeleeni na kazi." Hakututukana. Angetukana ningelala usingizi siku ile.

Aliyetupeleka ni mjomba wangu, kwa sababu pikapu ni yake. Mzee huyu kastaafu TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Tulipokuwa tunapakia vigari akaniuliza, "Njia moja, treni mbili. Nani kazipa zote mbili ruhusa?" Halafu akacheka mpaka Makambako. Tangu siku hiyo anawaambia watu wote wa ukoo kwamba yeye ndiye aliyetatua tatizo langu. Si kweli, hesabu nilizifanya mimi. Ila swali lake lilikuwa ndilo.

Reli ile ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na ni njia moja. Treni zinapishana stesheni, penye njia ya pembeni. Dereva hategemei macho na breki. Kipande cha reli anapewa yeye, kwa muda fulani, na mwingine haingii mpaka yeye atoke. Mimi nilikuwa nimetegemea breki. Sensa inazuia mgongano, lakini haifungui njia.

Kanuni ya kutafuta njia fupi ipo tangu zamani. Mojawapo, iitwayo A*, ilichapishwa mwaka 1968 na watafiti Hart, Nilsson na Raphael, na kwa kigari kimoja haina shida. Shida ni wengi. Igawe sakafu ya ghala miraba kama ya daftari. Kila kigari kila hatua kina chaguo tano: mbele, nyuma, kushoto, kulia, au kutulia hapohapo. Vigari vinane kwa pamoja ni tano mara tano mara tano, hivyohivyo hadi zitimie tano nane, yaani michanganyiko 390,625 kwa hatua moja tu. Kumi vya kwako vinafika 9,765,625. Kwa hiyo watu wanapanga kimoja kimoja: cha kwanza kinachagua njia, kinaandikisha kwenye jedwali mraba fulani, sekunde fulani, cha pili kinapanga kwa kukwepa palipokwisha kuandikishwa. Mimi nilifanya hivyo.

Kosa langu lilikuwa dogo, na bado linaniuma. Nilikagua kama vigari viwili vinataka mraba mmoja kwa wakati mmoja. Sikukagua kubadilishana nafasi. Sekunde ya sita kigari A kiko kushoto, kigari B kiko kulia. Sekunde ya saba A kulia, B kushoto. Jedwali linaona kila mraba una mtu mmoja, linanyamaza. Kwenye skrini vidoti vilikuwa vinapita ndani kwa ndani, mimi nikavisifia.

Ndiyo maana nakwambia karatasi. Weka sarafu mbili kwenye ujia wa mraba mmoja upana, jaribu kuzipisha kwa vidole. Utaligundua kosa kabla hujatoa hata shilingi.

La pili ni kuchelewa. Sakafu ya ghala ina vumbi na maji, gurudumu linateleza, kigari kinachelewa sekunde mbili, na ratiba yote iliyopangwa kwa saa inavurugika. Ukipita Kitonga lori moja likafa kwenye kona, ratiba ya basi lako inabaki karatasi. Siku hizi programu yangu haishiki saa, inashika zamu: kwenye kila mraba imeandikwa nani anapita kabla ya nani, na wa pili anasubiri wa kwanza apite, hata akichelewa nusu saa. Wote wanachelewa, ndiyo, lakini hawakwami. Kulirekebisha hilo kulinichukua wiki tatu na ugomvi mmoja nyumbani.

Kuna jambo la tatu. Ukipanga kimoja kimoja, cha kwanza kinaweza kuegesha mlangoni na kumfungia wa mwisho kabisa, wakati njia ya wote ilikuwepo. Watafiti Sharon, Stern, Felner na Sturtevant walitoa mwaka 2012 mbinu nzuri: kila mmoja apange peke yake, tafuta mgongano wa kwanza, halafu jaribu pande mbili, upande mmoja umkataze huyu, mwingine umkataze yule, uendelee na ulio nafuu. Mwaka huohuo Amazon iliinunua Kiva Systems, watu wa roboti za maghala, kwa dola milioni 775. Nilipoisoma namba hiyo ndipo nilipokimbilia kununua mota. Unaona ugonjwa wetu vijana wa Mbeya na Iringa? Tunaona hela ya mwisho wa safari, tunaruka karatasi. Tunapiga picha na roboti, tunaweka mtandaoni, tunaitwa mainjinia. Mimi niliitwa hivyo na nikaitika.

Kwa hiyo karatasi kwanza, halafu skrini, halafu vigari viwili kwenye ujia mwembamba, vikishinda hapo ongeza cha tatu. Karatasi kwanza, narudia.

Ulimalizia kwa kuuliza kama unahitaji kompyuta kubwa. Kwa vigari kumi, hapana. Ya kwangu ni ya mtumba, nimeinunua Kabwe, ina ufa kwenye skrini, na vinane inavipanga kabla chai haijapoa.