Msitu wa mvua: uende mwezi gani na ubebe nini

Mkuu, umeuliza uende msitu wa mvua mwezi gani ili usinyeshewe, na ubebe nini. Nimezunguka misitu hii miaka mingi, na hilo la kutonyeshewa naomba uliondoe kichwani. Kiangazi kule maana yake ni mvua kupungua tu. Mwezi uchague kwa kuangalia njia na mito.

Chukua Amazon. Pale Manaus, mji wa Brazil, mvua nyingi hunyesha Desemba hadi Mei, lakini mto Negro unaopita hapo hujaa kabisa mwezi Juni, maana maji ya mbali huchelewa kuteremka. Baadaye hushuka hadi Oktoba au Novemba, na mara nyingi tofauti ya kina hupita mita 10. Ukienda Juni unapita kwa mtumbwi katikati ya matawi ya miti. Oktoba palepale unatembea kwa miguu. Bonde la Kongo karibu na ikweta lina misimu miwili ya mvua kubwa, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, kwa hiyo mtembeaji atafute miezi ya katikati. Sehemu kubwa ya Borneo, kisiwa cha Asia ya Kusini-Mashariki, haina mwezi mkavu, huko nenda ukipata nafasi.

Sasa mzigo. Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: gawa nguo zako mafungu mawili, za kulowa na za kulalia. Za kulalia zifunge kwenye mfuko usiopitisha maji na usizivae nje ya kitanda, hata ushawishike vipi. Asubuhi unavaa tena shati la jana likiwa bado bichi. Linagandamana na mgongo, baridi inakupiga, lakini ukishatembea kidogo mwili unalipasha moto. Ukivaa lile kavu, jioni yote mawili yamelowa, na hewa ya kule imejaa unyevu kiasi kwamba shati la pamba laweza kukaa kwenye kamba siku nzima lisikauke. Ndiyo maana nasema jinzi iache nyumbani. Beba suruali nyepesi za nailoni na mikono mirefu.

Koti zito la mvua nalo silipendi, unalowa jasho kwa ndani. Mwamvuli mdogo unafaa zaidi kwenye njia pana. Miguuni vaa gambuti kama ni tope, na soksi ndefu zilizofumwa kwa kubana kama kuna ruba, suruali ikiingia ndani ya soksi. Jioni kausha vidole vizuri, fangasi huanzia hapo. Tochi ya kichwani usiikose, chini ya miti giza huingia mapema.

Dawa ya mbu yenye kemikali iitwayo DEET inafanya kazi, ila inaharibu plastiki, usishike kamera wala miwani ikiwa bado mkononi. Chanjo ya homa ya manjano ichome angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Dawa za kinga ya malaria muulize daktari mapema.

Halafu hujasema msitu wenyewe uko juu kiasi gani. Bwindi kule Uganda, kwa mfano, huanzia mita 1,160 na kupita 2,600, na usiku utahitaji sweta nzito. Taja unakokwenda, tukuambie kama uongeze nguo za baridi.