Mtoto ameshuhudia mauaji, mshtakiwa ameachiwa huru: je, ndugu wanaweza kukata rufaa?

SWALI: Ndugu Mwanasheria, kaka yangu aliuawa usiku nyumbani kwake, na shahidi pekee ni mwanawe wa miaka tisa. Mahakama Kuu imemwachia huru mshtakiwa, ambaye ni jirani, kwa sababu mtoto alimtaja siku ya nne baada ya tukio. Je, sisi ndugu tunaweza kukata rufaa? Na je, mtoto haaminiki kwa kuwa ni mtoto tu?
Msomaji, Geita

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Ninyi wenyewe hamwezi kukata rufaa, kwa sababu kesi ya mauaji huendeshwa na Jamhuri, na mwenye haki ya kupinga uamuzi huo mbele ya Mahakama ya Rufani ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Taarifa ya kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 30 tangu hukumu, kwa hiyo nendeni ofisi ya mashtaka ya mkoa mapema.

Umri pekee haumwondolei mtoto uaminifu. Kwa Sheria ya Ushahidi, mtoto wa umri mdogo ni yule asiyezidi miaka 14, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ili mradi aahidi kwanza kusema kweli na kutosema uongo. Ahadi hiyo lazima ionekane katika mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za maandishi za mahakama. Isipoonekana, ushahidi wake unaweza kukosa thamani.

Kwa maoni yangu, kinachowasumbua ni zile siku nne kuliko ile miaka tisa. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema hujipa uzito, na anayechelewa bila maelezo huzua shaka, awe mtoto au mtu mzima. Kuchelewa kunaweza kuelezeka: huenda alitishwa, au hakuna aliyemuuliza. Lakini upande wa utetezi utauliza kama jina la jirani lilikuwa limeshazungumzwa msibani kabla mtoto hajalitamka, na hilo ni swali la haki, kwani mtoto anayehojiwa na kila shangazi na mjomba huweza kulichukua jina la watu wazima akaamini ni kumbukumbu yake. Pia litaulizwa la mwanga: taa ilikuwa ya aina gani, umbali ulikuwaje, na alimtazama mtu huyo kwa muda gani.

Mahakama ya Rufani hupitia upya ushahidi wote, ingawa jaji wa kwanza ndiye aliyemwona mtoto akizungumza. Ikiridhika, inaweza kumtia mshtakiwa hatiani au kuamuru kesi isikilizwe upya. Hata hivyo, tangu uamuzi wa mwaka 1966 wa iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, usikilizwaji upya hauruhusiwi kuwa nafasi ya Jamhuri kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kwa hiyo, wakati mkisubiri uamuzi wa Mkurugenzi, msimhoji tena mtoto: maelezo mapya ya nyumbani hayatakuwa ya kuziba pengo, na yanaweza kuichafua kumbukumbu yake.