Barua kwa mwanangu: umewezaje kudumu?

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Tanga. Baba yako hajambo, nami sijambo. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Umenieleza kwamba daktari amekupima presha akaikuta imepanda, na kwamba mara tatu umejaribu kubadili ulaji wako, ukadumu wiki mbili au tatu, kisha ukajikuta umerudi kwenye chipsi mayai na soda. Ukauliza: "Mama, wewe umewezaje kuendelea miaka saba bila kurudi nyuma?" Sikutaka kulijibu swali hilo kwa simu, kwa kuwa jibu lake ni refu na ningependa ubaki nalo.

Kwanza, ondoa dhana kwamba sikurudi nyuma. Nilipoambiwa nina kisukari nilitoka kliniki na hofu kubwa, na kwa hofu ile nikaacha kila kitu kwa siku moja: wali, chapati, sukari, hata nazi. Nilidumu siku 19. Siku ya 20 palikuwa na maulidi kwa shangazi yako, nikala pilau kupita kiasi, na kesho yake nikajiambia kuwa mimi jambo hili siliwezi. Nikakaa miezi minne nikila kama zamani. Hofu ilinianzisha, lakini ilipopoa sikuwa na kitu kingine cha kunishikilia.

Kilichonisaidia baadaye ni kutambua mahali ninapoamulia chakula changu. Nilidhani naamua mezani, sahani ikiwa mbele yangu na njaa tumboni. Kumbe saa hiyo mambo yamekwisha kuamuliwa sokoni na jikoni. Kabatini mkiwa na unga wa ngano na dumu la mafuta la lita tano, jioni nitasukuma chapati, nitake nisitake. Basi nikaanza kubadili kapu ninalorudi nalo kutoka Mgandini, na kubadili vitu vilivyo karibu na jiko, kimoja baada ya kingine.

Nilianza na mafuta peke yake. Unakumbuka nilivyokuwa nikiinamisha dumu juu ya sufuria na kumimina kwa kukadiria. Siku moja nilimimina kwanza katika kikombe, kiasi kilekile cha kila siku, nikapima kwa kijiko cha mezani: vijiko tisa, kwa mchuzi wa watu watatu. Nilikitazama kikombe kile kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo dumu linakaa stoo, na jikoni ipo chupa ndogo pamoja na kijiko chake. Vijiko vitatu vinatosha, na siku ya kutia nazi kimoja tu. Mkono ulipozoea, baada ya kama miezi miwili, ndipo nilipogusa sukari ya chai, nikaipunguza nusu kijiko kwa nusu kijiko hadi ikaisha kabla ya mwaka kwisha. Ulimi hujifunza, baba, ila hautaki kuharakishwa.

Watafiti wa University College London waliwahi kufuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, wakatoa matokeo yao mwaka 2009: kwa wastani jambo lilihitaji siku 66 hadi kufanyika bila kulifikiria, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Waliona pia kwamba kuikosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Niliposoma hayo nilisikitika kwa ile miezi minne niliyoipoteza kwa sababu ya sahani moja ya pilau. Nawe umekuwa ukijihukumu kabla hata siku 30 hazijatimia.

Kwa kuwa wewe una presha, nakushauri uanze na chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichofika juu, kwa vyakula vyote pamoja. Vile vidonge vya kukoleza mchuzi sehemu kubwa yake ni chumvi. Viondoe jikoni kabisa, utumie ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Chumvi ya mezani usiiweke mezani. Wiki za kwanza chakula kitakuwa chapwa, vumilia. Ikishakuwa kawaida yako, endelea na kingine, labda chakula cha mchana: kwa mama ntilie omba wali nusu, maharage na mchicha wa kutosha, na badala ya soda au juisi ule chungwa zima, kwani juisi ikichujwa nyuzinyuzi hubaki kwenye chujio. Dawa ulizopewa usiziache kwa kuwa umeanza kula vizuri. Hilo ataliamua daktari wako.

Kwenye harusi na Idi mimi bado nala pilau, sahani moja, na asubuhi yake narudia muhogo wangu wa kuchemsha kama vile jana haikuwapo.

Ijumaa mdogo wako atakuletea kilo mbili za dona, nimesagisha mwenyewe. Mwanzoni uchanganye na sembe, nusu kwa nusu, kama nilivyomfanyia baba yako alipougomea. Kiini cha hindi kina mafuta, kwa hiyo unga huu huchacha mapema kuliko sembe. Uufunike vizuri, na ukiisha uniambie nisagishe mwingine.

Mama yako akupendaye.